Waliomwosha Sajini

Nzilani hakujua kushukuru kidogo. Ukimpa chumvi leo, kesho unaletewa kuku. Ukimsaidia kubeba mtungi hadi mlangoni, mwezi mzima atakuombea kanisani kwa jina lako na la baba yako, mpaka uone haya. Mumewe, Kivuva, alizoea kumwambia, "Mama Mumbua, hata shukrani ina kipimo," naye humjibu kwamba kipimo ni cha unga. Ndivyo alivyoumbwa. Na kwa sababu hiyo hiyo, mwaka wa themanini na tano, nusura amfukuzishe kijijini kwetu Tulia mtu aliyemwokolea binti yake.

Mtu mwenyewe alikuwa Thuo, fundi wa magari. Alitoka Murang'a, na kabla ya kuja kwetu Ukambani alifanya kazi ya kiraia katika karakana ya jeshi, ndiyo maana alijua malori ambayo mafundi wengine wakiyaona wanakumbuka wameacha jiko linawaka. Alikuwa amekaa Tulia miaka kumi na mmoja, yeye na mkewe na binti yao Wariara, katika kiwanja kidogo nyuma ya kanisa ambako alijengewa kibanda cha mabati. Alikuwa mtu wa maneno machache. Miguu yake ilijulikana kuliko uso wake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitokeza chini ya magari.

Kanisa lilikuwa na lori la jeshi. Ndiyo, kanisa. Wakati wa ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, ambapo mtu alikufa njaa na pesa zake mkononi kwa kukosa cha kununua, washirika walichanga wakanunua kwenye mnada lori lililostaafishwa jeshini, ili lilete maji na mahindi. Lilikuwa la kijani, refu, lenye sauti ya kukohoa, na watoto wakalipa jina la Sajini. Sasa, jeshi haliuzi kitu kizima, hilo halihitaji elimu. Gari la raia hula betri moja. Sajini alikula mbili zilizofungwa pamoja, na moja ikizimia, nyingine haina kazi. Waya zake zilivalishwa soksi za chuma ili zisivuruge redio za wanajeshi, na kupata waya mmoja uliokatika humo ndani ni sawa na kutafuta jipu juu ya nguo. Thuo alimtibu hivyo hivyo, kiungo kwa kiungo, mpaka Sajini akawa anakwenda na kurudi.

Desemba mvua ilipokuja, ilikuja na hasira ya miaka miwili. Mumbua, kifungua mimba wa Nzilani, alikuwa na uchungu tangu jana yake asubuhi, mtoto amekaa vibaya, na mto ulio kati yake na hospitali umejaa mpaka kwenye miti. Hakuna gari lililothubutu. Sajini angeweza, maana alivuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma pamoja, lakini siku hiyo alikuwa amezima kabisa. Ukipiga stati, kimya. Thuo akaja na gunia kichwani kuzuia mvua. Akafungua katauti, kile kisanduku kinachopimia betri umeme wa dainamo, akakuta vidole vyake vya shaba vimeungua na kushikana, betri zote zimenyonywa. Akavitenganisha, akavisugua kwa upande wa kiberiti, akaleta betri mbili za wateja wake kutoka karakana. Sajini akawaka kabla maji ya uji hayajachemka.

Dereva alikuwa Ndululu, kijana mzuri tu, lakini alipouangalia mto alisema ana watoto. Thuo hakumlaumu. Akapanda mwenyewe, akamwambia Nzilani amshike Mumbua barabara, akaingia majini polepole, maji yakapita miguuni mwao ndani ya gari, vijiti na matope na kila kitu, na Nzilani akifunga macho na kuita jina la Bwana. Walivuka. Saa kumi jioni Mumbua alijifungua msichana, mama na mtoto wote wazima.

Basi niambie, mtu kama Nzilani atalipa hilo kwa nini? Kuku alipeleka. Mayai alipeleka. Mbuzi alimkokota mwenyewe hadi karakana, Thuo akamrudisha akisema, "Mama Mumbua, hiyo ni kazi tu. Mimi ni fundi." Alisema kwa heshima, lakini ukimkatalia Nzilani mbuzi, shukrani inabaki kumvimba kifuani hana pa kuiweka.

Mavuno ya Februari yalikuwa mazuri. Kanisa likatangaza Jumapili ya shukrani: kila nyumba ilete mahindi, mbaazi, kunde, chochote, na Jumatatu Sajini apeleke vyote kwa wenzetu wa mashariki ambako mvua ilipita bila kusalimia. Sajini mwenyewe angesimamishwa mbele ya kanisa aombewe. Hapo Nzilani akapata pa kuweka shukrani yake. Ijumaa Thuo alikwenda Kiboko, kwa dada yake Kagure, kutafuta beringi kwenye magari mabovu ya barabara ya Mombasa. Alipotoa mguu tu, Nzilani akakusanya wanawake kumi na watatu wa chama cha akina mama, yeye wa kumi na nne.

"Tunamwosha Sajini," akawaambia. "Fundi akirudi asimjue."

Walimsugua kama sufuria ya harusi. Kila mmoja alikuja na kile anachotumia jikoni: majivu, sabuni ya kipande, makonge yaliyopigwa, na karai za mchanga mweupe wa mto, ule unaotoa masizi mpaka chuma kikaonyesha meno yako. Mbula, shemeji yake Nzilani, alifungua kifuniko cha betri akakuta vichwa vyake vimepakwa Vaseline nzito.

"Ati gari linapakwa mafuta na miguu ya watoto wetu imepasuka?" akasema, akaikomba yote na kuifunga kwenye jani la mnyonyo. Jioni ilimwasha kwa tindikali ya betri, na ilikuwa haki yake.

Nzilani alijichagulia pabaya kuliko kote, chini. Alilala chali juu ya udongo, mama wa miaka hamsini na minne mwenye mjukuu, akaanza na ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mafundi huuita propela. Una vipande viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine, ndani nje, kama mkono ndani ya mkono wa sweta, kila gari linaporuka shimo. Pale mdomoni ndipo Thuo alipojaza grisi, safu juu ya safu, nyeusi, nene. Nzilani akaona uchafu. Angeonaje kingine? Maisha yake yote kitu cheusi chenye mafuta kilikuwa kitu cha kusuguliwa. Akaitoa yote kwa kijiti, akaingiza mchanga na makonge mpaka mwisho wa kidole, akasugua mpaka chuma kikang'aa. Kuna methali ya Kiswahili juu ya mtu kujisafisha kupita kiasi, lakini siisemi mbele ya watu wa kanisa.

Jumamosi mchana Thuo alirudi. Akina mama walikuwa wamejipanga kando ya lori wakimngoja, ndoo bado mikononi. Alizunguka mara moja. Akapiga magoti, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Ni muvea," kwa Kikamba, shukrani, akawapa mkono mmoja mmoja, wote kumi na wanne.

Kisha akamwendea Mzee Nzuki, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Nzilani alikuwa akimwaga maji ya mwisho, akasikia.

"Mzee, nipatie siku tatu kabla Sajini abebe mzigo."

"Siku tatu za nini? Si umeona vile linang'aa?"

"Kuna mahali nataka kufungua."

"Limeharibika?"

Thuo akatazama ndoo, akatazama akina mama. "Nataka kuangalia tu."

"Utaangalia likirudi," akasema Nzuki. "Watu wana njaa huko."

Siku ile yote hadi giza Thuo alipiga grisi kwa pampu yake. Lakini grisi juu ya mchanga haioshi mchanga. Inaufanya kuwa tupa.

Jumatatu Sajini alipakiwa magunia sitini. Katika mlima wa kabla ya mji wa Kabati, kipande cha ndani kikakwama, kikakataa kuteleza, nguvu yote ikaenda kwenye msalaba wa chuma unaounganisha propela, ukapasuka. Propela ikaanguka, lori likarudi nyuma kwa kasi likaingia mtaroni likalalia ubavu. Ndululu aliteguka bega. Magunia yalipasuka, mahindi ya shukrani yakamwagika barabarani, na kabla watu hawajafika, mbuzi walikuwa wamefika.

Kamati ilikaa Alhamisi. Haikuchukua muda. Gari limekatika propela, propela hukatika kwa kukosa grisi, grisi ni kazi ya fundi. "Tulimpa kiwanja bure, tukamwita ndugu," alisema Nzuki. "Asante ya punda ni mateke." Na kwa kuwa mtu akianza kuanguka kila mkono unapata nguvu ya kusukuma, wengine wakaongeza kwamba ndivyo watu wa kuja walivyo, gari si lao, njaa si yao. Ikaamuliwa: Jumapili itangazwe kwamba Thuo aondoke kwenye kiwanja kufikia mwisho wa mwezi.

Nzilani alisikia kwa Kivuva. Usingizi haukuja vizuri. Ijumaa asubuhi alipika muthokoi, mahindi ya kutwangwa na maharagwe, akafunika kwa sahani, akaenda karakana. Alimkuta Thuo ameketi juu ya kigogo, propela imefunguliwa mbele yake juu ya gunia, anaipangusa pole pole ingawa hakuna aliyemwambia aitengeneze tena. Wariara alikuwa ndani akifunga vyombo kwenye shuka.

"Karibu, Mama Mumbua."

"Nimekaribia, Baba Wariara." Akaweka chakula chini. Hapo akaona sahani ya bati. Ndani yake Thuo alikuwa amekusanya alichokitoa katikati ya vile vipande viwili: uji mweusi, na katikati ya weusi, punje nyeupe zinazometameta.

"Hii mchanga imetoka wapi?"

"Barabarani."

Nzilani akachutama. Barabara yetu ni nyekundu, na vumbi lake ni laini kama unga wa mtama. Huu ulikuwa mweupe, wa punje kubwa. Akatia kidole, akavuta. Kikatoka kipande cha uzi wa konge, kirefu kama kope.

Akaketi chini palepale, na maneno yote ya Jumamosi yakampitia, moja moja: siku tatu, mahali nataka kufungua, yale macho yaliyotazama ndoo.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Mama Mumbua, wacha hiyo maneno."

"Ulijua siku ileile, na ukatupatia mkono."

"Nitaenda Kiboko. Dada yangu ana mahali. Gari ziko kila pahali." Akafunika sahani kwa kitambaa, kama mtu anayefunika kidonda cha mwenziwe. "Ukisema, watawacheka akina mama mpaka mzeeke. Mimi ni mwanamume, nitabeba. Kula kidogo na sisi kabla uende."

Alikula. Kila punje ya muthokoi ilishuka kwa shida.

Jioni akawaita wale kumi na watatu nyumbani kwake. Aliwaambia yote. Halafu Mbula akasema, "Fundi mwenyewe amenyamaza. Wewe ni nani wa kumshinda kunyamaza?" Mwingine akasema mume wake bado anakumbusha sufuria aliyoiunguza mwaka wa sabini na sita, na hii ni lori zima. Wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Kivuva, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, akasema kwamba maji yamekwisha kumwagika, na mtu hazoi maji. Nzilani hakubishana nao. Aliogopa kama wao, tena zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita, na yeye ndiye aliyeingia chini. Alimwona Mzee Nzuki akicheka, na kanisa zima likimfuata. Lakini akifikiria Wariara akifunga sahani kwenye shuka, aliona kunyamaza ndiko kubaya zaidi.

Jumapili kanisa lilijaa, wanawake upande wa kushoto, wanaume kulia, kama kawaida yetu. Thuo alikuja. Wengi hawakutarajia. Aliketi benchi la mwisho la wanaume, na benchi hilo likabaki na yeye peke yake, wengine wakiona afadhali kubanana mbele. Ukafika wakati wa ushuhuda, na baada ya ushuhuda matangazo ya kamati. Nzuki alikuwa tayari ameshika karatasi yake.

Nzilani akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ndiye niliyekata propela ya Sajini."

Watu wakageuka. Nzuki akashusha karatasi. "Mama Mumbua, umesema nini?"

"Fundi aliweka grisi. Ilikuwa nyingi, nene hivi. Mimi niliitoa. Nilidhani ni uchafu. Nikatia mchanga wa mto na majivu, nikasugua na makonge, kama sufuria. Mchanga ukabaki ndani, ukala chuma. Nimeuona kwa macho yangu na konge langu likiwa ndani. Nilikuwa nashukuru. Alimvusha mtoto wangu mto, na nilipompa mbuzi akakataa, sikujua nishukuru vipi tena." Akamgeukia Mzee Nzuki. "Mkimfukuza, mnifukuze mimi kwanza."

Kicheko kilianzia upande wa wanaume, nyuma, kikatambaa mbele. Kama sufuria, mmoja akarudia, na benchi zima likatikisika. Nzilani alisimama akakivumilia. Kisha nyuma yake benchi likalia, na Mbula akasimama.

"Na mimi nilitoa mafuta ya betri. Nikajipaka."

Akasimama wa tatu, akasema yeye ndiye aliyeleta majivu. Wa nne. Wa tano alisimama tu. Walipofika kumi na wanne, kicheko kilikuwa kimekwisha, na wanaume fulani walikuwa wakitazama viatu vyao.

Mzee Nzuki si mtu mbaya, ni mtu wa haraka tu, na mtu wa haraka akikosea hajui aweke wapi mikono. Aliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne.

"Fundi," akaita. "Ulikuja kwangu Jumamosi. Kwa nini hukusema?"

Thuo akainuka. Hatukuwa tumezoea kumsikia akizungumza mbele ya watu, na alianza chini chini, mpaka mtu akasema hasikii.

"Nasema, mzee, kulipwa nimelipwa hapa, na salamu nimepewa, siwezi kukataa. Lakini chini ya gari ni mahali pangu peke yangu. Hakuna mtu hufika huko. Miaka kumi na moja mnaona miguu yangu, mnasema, fundi yuko, mnapita. Ile Jumamosi nililala chini ya Sajini, nikaona alama ya mgongo wa mtu kwa udongo. Pale pale mimi hulala. Mama mzima, mwenye mjukuu, amejilaza kwa mawe, amesugua chuma mpaka kimeng'aa, kwa ajili yangu. Niliona mchanga. Nilijua propela imekufa. Na nililia, wazee, nililia kwa furaha, nikangoja macho yakauke ndio nitoke. Sasa ningetoka hapo niseme nini? Kwamba hilo ni kosa?"

Nzuki aliitia ile karatasi mfukoni, na hakuisoma siku ile wala siku nyingine.

Nzilani alikuwa bado amesimama. Akatoka kwenye benchi lake, akavuka njia ya katikati mbele ya kanisa lote, akapita mabenchi ya wanaume mpaka la mwisho, akaketi kando ya fundi. Hakuna aliyemwambia ahame.